Nilikwenda Kutazama Tumbili

Ikomelo, kwa njia ya Bukene
4 Mei 1936

Dionis,

Salamu utazikuta mwisho wa barua kama nafasi itabaki. Sasa hivi nina hasira, na hasira haina adabu ya kuuliza hali.

Harusi yetu ni tarehe 15 Agosti, na mimi nimezuiliwa. Sikufungwa kamba, sikupigwa, na ninakula vizuri kuliko ulivyokuwa ukila bwenini kwa mapadri. Lakini nimeambiwa kwamba siwezi kutoka katika msitu huu, si kesho wala mwezi ujao. Walioniambia hawakuwa wakicheka. Unawajua watu wa kwetu kwa utani, basi nikangoja wacheke, nikangoja mpaka mashavu yakaniuma kwa kutabasamu peke yangu.

Nilipofika nyumbani baada ya Pasaka kuwaambia wazazi tarehe yetu, Baba alisema nisirudi Tabora kabla sijamwona shangazi Nyamizi, dada yake mkubwa, anipe baraka. Shangazi alikuwa mtunzaji wa msitu wa Ikomelo, walimozikwa watemi wa zamani. Hakuna anayekata hata kijiti humo, na tumbili ni wengi na hawamwogopi mtu. Tangu utoto nilisikia habari zao nikatamani kuwaona. Nikafunga karanga kwenye kitambaa, nikaenda kutembea kwa wiki moja.

Ilikuwa wiki nzuri, Dionis. Walikuja mpaka mlangoni. Siku ya pili jike mmoja mwenye sikio lililochanika alichukua karanga kiganjani mwangu, vidole vyake baridi kama vya mtoto aliyetoka kuchezea maji. Nilimwita shangazi kwa kelele aje aone. Alikuja, akaona, akarudi ndani. Nilidhani amechoka.

Siku ya sita asubuhi shangazi hakuamka. Alikuwa mzee, na kikohozi kilikuwa kimemkalia kifuani. Nilimfumba macho, nikamsomea Salamu Maria, kisha nikatazama uwanja. Maganda ya karanga, mavi ya tumbili, majani kila mahali! Watu watakuja kulia msiba wayakute hayo, na mimi nimelelewa na masista? Nikachukua ufagio wa shangazi, nikafagia uwanja wote mpaka kwenye makaburi, ndipo nikaenda kuita watu.

Basi, kosa langu ni hilo. Kumbe mtunzaji akifa, binti wa ukoo wake ambaye tumbili wamekula mkononi mwake, naye akaushika ufagio kabla maiti haijatolewa, huyo ndiye mtunzaji mpya mpaka afe. Wanasema mizimu imechagua. Nikawaambia mizimu haikuchagua kitu, ni mimi niliyeona uchafu. Mwanangwa Yoramu, anayesimamia kijiji chetu chini ya Mtemi, alinijibu kwa upole kabisa, "Hata shangazi yako alisema hivyohivyo, miaka arobaini iliyopita."

Zungumza na Padri. Niletee na sabuni na wino. Silasi, mchuuzi wa ngozi, ndiye anayepeleka barua zangu stesheni ya Bukene, na husafiri anapojisikia.

Nafasi imebaki kidogo: hujambo?

Wako,
Eustadia


Kitete, Tabora
14 Mei 1936

Mpenzi Eustadia,

Baada ya salamu nyingi, barua yako niliipokea jana. Nimeisoma mara tatu, na mara ya kwanza nilicheka. Naomba radhi kwa kicheko hicho.

Kwanza, nimemwona Padri. Amesikitika, na ameahidi kumwandikia Mtemi. Lakini Mtemi wenu si muumini, na sikio la kufa halisikii dawa. Padri anasema ndoa yetu ataitangaza kanisani kama kawaida, Jumapili tatu za Julai kuanzia tarehe 12, kwa kuwa mbele ya Mungu huna kizuizi chochote.

Pili, una miguu. Samahani kwa kusema wazi, lakini kutoka Ikomelo mpaka Bukene ni mwendo wa siku moja, na treni ya Tabora inasimama pale. Hakuna ukuta wala bunduki. Wewe ni msomi, umefundisha wenzako kushona na kuhesabu, sasa unazuiwa na ufagio? Toka tu uende. Watapiga kelele wiki moja, kisha watatafuta mwingine.

Tatu, habari njema. Mwezi Juni kazi yetu inahamia Bukene. Tutafyeka mapori yenye mbung'o, maana malale yamewamaliza watu upande ule. Mimi nitakuwa karani wa orodha na mkalimani wa bwana wetu, Mzungu wa serikali. Kama utakuwa hujatoka, nitakuja mwenyewe Jumapili ya kwanza.

Sabuni ni vipande viwili na wino chupa moja.

Wako kwa moyo wote,
Dionis


Ikomelo
25 Mei 1936

Karani wangu,

Sabuni imefika. Silasi hakunipa mkononi. Aliiweka chini, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga makofi, ndipo nikaiokota. Maji, unga, barua yako, vyote navipokea hivyo siku hizi. Tangu azikwe shangazi hakuna mtu aliyenigusa hata bega.

Miguu ninayo, asante kwa kunikumbusha. Naweza kutembea mpaka miti inapoishia, si hatua moja zaidi. Asubuhi naizunguka mipaka yote, na kabla jua halijawa kali nimeshamaliza. Halafu siku nzima iko mbele yangu, ndefu, na sina pa kuipeleka.

Unauliza kwa nini nisiondoke. Nikueleze alivyokuja Baba Jumapili. Nilipomwona kwenye njia nilikimbia, nikajua sasa yameisha, baba yangu amekuja kunichukua. Alisimama mbali. Akachutama, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, Bibi." Maana mtunzaji ni mke wa watemi waliolala humu, na hakuna aliye mkubwa kwake. Dionis, niliitikia marahaba. Ilinitoka kabla sijajua ninachosema. Mtu aliyenibeba mabegani kwenda kubatizwa! Nikaingia ndani nikalia mpaka nikatapika.

Nilipotoka alinisimulia. Wakati wa bibi yake, mtunzaji mmoja alitoroka na msafara wa wapagazi waliopita hapa na pembe kwenda pwani. Mwaka uleule nzige wakaingia. Nyumba za baba yake zikachomwa, tawi lake lote la ukoo wetu likafukuzwa, na mpaka leo wajukuu zao wanaishi Choma kama wageni. Baba analima ardhi ya Mtemi. Nikiondoka, akafa ng'ombe mmoja popote hapa, hata kama ni wa uzee, jina litakalotajwa ni Modest, baba yangu. Najua hayo si ya Kikristo. Yeye naye anajua, ana rozari mfukoni. Lakini mvua ikikosekana, rozari haitamzuia mtu kumchomea nyumba.

Alitaja na njia moja ya kunitoa. Sitaiandika, ni mbaya kuliko kukaa. Wewe hesabu tu kwamba mlango hakuna.

Njoo Jumapili hiyo. Uje na maneno mengi, nimechoka kusikia sauti yangu.

Eustadia


Bukene
9 Juni 1936

Mpenzi Eustadia,

Nimerudi salama, bila kofia.

Nimejaribu siku mbili kuandika barua ya upole, imeshindikana, basi nitasema. Yule tumbili mwenye sikio lililochanika aliponipokonya kofia na kupanda nayo juu, ulicheka. Hukuwa umecheka hivyo tangu Krismasi, na ningepaswa kufurahi, lakini niliumia. Ulimwita kwa jina. "Wee Kalunde, mrudishie mgeni wangu!" Akakutazama kama mtoto anavyomtazama mama yake, kisha akaitupa chini imetoboka. Mgeni wako! Ndiyo, nilikuwa mgeni. Tulikaa nusu saa, katikati yetu ua wa nyasi, wazee wanne wakituangalia kama askari wa gereza.

Tena Mwanangwa Yoramu alinitaka nikuamkie shikamoo. Mimi, mchumba wako! Nilikataa, na kesho wakiniambia nitakataa. Ulinitazama kama vile nimekuaibisha.

Nilikuja kumwona mchumba aliyefungwa, nikamkuta mwenye nyumba. Nimeogopa, Eustadia. Nimeona watu wakizoea mambo. Mama yangu alizoea kulala bila baba miaka sita alipokuwa kazini kwenye mikonge, na aliporudi hakuwa na mahali pa kumweka.

Wewe hukosi. Ni msitu ule. Ninao mpango, usiniulize ni upi.

Dionis


Ikomelo
17 Juni 1936

Dionis,

Mwenye nyumba! Laiti ungekuwa karibu ningekurushia kitu.

Nacheka kwa sababu nikiacha kucheka sitajua kuanza tena. Tumbili nimewapa majina kwa kuwa ndio peke yao hapa wasioniamkia shikamoo. Na nilikutazama vile kwa sababu ulipokataa kuniamkia nilitaka kukukumbatia mbele ya wale wazee, nikashindwa hata kunyoosha mkono. Wewe ukasoma aibu. Ndivyo ulivyo, karani, unasoma kila kitu isipokuwa uso wa mtu.

Ulipoondoka nilikufuata mpaka mti wa mwisho. Ulikwenda bila kugeuka. Nilisema moyoni, akigeuka mara moja nitavuka, liwalo na liwe, Baba anisamehe. Hukugeuka, na mimi sikuvuka, na labda ni heri kwa wote.

Sasa nisikilize. Kuna jambo linatengenezwa. Wazee hawataki litajwe kabla halijatimia, wanasema likitajwa linaharibika. Mimi siyaamini hayo, lakini hili nalitaka mno, na kitu unachokitaka mno hukichezei. Subiri mpaka mwezi wa Julai uandame. Usiniulize zaidi.

Na huo mpango wako, kama ni wa kunitorosha, uache kabisa.

Anayekupenda hata ukinuna,
Eustadia


Bukene
24 Juni 1936

Mpenzi Eustadia,

Subiri, subiri. Neno hilo ndilo wanalompa mtu wakitaka azoee. Uliniandikia Mei kwamba mlango hakuna. Juni unaniambia nisubiri jambo lisilotajwa, kwa maneno ya wazee walewale. Nimesubiri vya kutosha, na nimefanya.

Ijumaa tulipita Ikomelo na bwana wetu, kwa nje, upande wa mashamba. Amri ya kazi yetu ni kwamba msitu wenye makaburi ya watemi hauguswi. Lakini yeye hajui upi una makaburi na upi hauna, hutegemea mkalimani. Aliuliza, "Mle ndani mna nini?" Nikajibu, "Tumbili tu, bwana, wanaokula mahindi ya watu." Akaandika. Kesho yake akatia sahihi amri ya kuufyeka.

Ni uongo, najua. Nitaungama kwa Padri baadaye. Mtemi yuko Tabora kwenye baraza kubwa mpaka katikati ya Julai, na Mwanangwa Yoramu hana ubavu wa kumpinga Mzungu. Jumatatu tarehe 6 Julai watakuja watu mia mbili na mashoka. Makaburi hayataguswa, nitasimama hapo mwenyewe.

Pasipo na msitu hapana mtunzaji, mpenzi wangu. Utatoka kwa miguu yako, mchana kweupe, na hakuna atakayesema Modest amemtorosha binti yake. Itakuwa kazi ya serikali, na hakuna anayechomewa nyumba kwa kazi ya serikali. Huoni? Baba yako yuko salama, nawe uko huru. Nimelifikiria kila upande.

Funga mzigo wako.

Dionis


Ikomelo
27 Juni 1936

Dionis, Dionis, Dionis!

Naandika wima. Silasi alikuwa Choma kununua ngozi, karibu wiki mbili sijapata barua yako, amerudi leo na anaondoka sasa hivi kwenda Bukene, yuko pale mtini anapiga makofi kunihimiza. Wazee wanisamehe, siwezi kunyamaza zaidi. Natoka!

Njia ile aliyoitaja Baba, ambayo sikutaka kuiandika, ilikuwa Bertila. Mdogo wangu, miaka kumi na mitano, bado anaruka kamba. Mtunzaji anaweza kutoka akipatikana mwingine wa ukoo, na Baba alisema, akitazama chini, kwamba Bertila hana mchumba. Nilikataa. Nilikuficha kwa sababu niliogopa ungesema, "Basi Bertila." Na nikuambie yote, nilijiogopa na mimi. Kuna siku nilihesabu umri wake kwenye vidole, nikaona kwamba kumi na mitano si mtoto sana. Siku hiyo sikula.

Halafu akaja Amne. Ni mjane kutoka Choma, wa lile tawi la ukoo wetu lililofukuzwa kwa ajili ya yule aliyetoroka. Alisikia habari zangu kwa Silasi. Watoto hana, kaka zake wanamhesabu mzigo, na anachotaka duniani ni kuzikwa Ikomelo. Alikuja na kapu lake, akaniambia, "Wewe unalia kwa kukaa, mimi nimelia kwa kutokukaa. Tubadilishane." Wazee waliposikia ukoo wake ni uleule wakaangaliana, wakakubali.

Kilichobaki ni tumbili. Lazima wale mkononi mwake mara tatu, na ya tatu iwe siku mwezi unapoandama. Mwanzoni walimkimbia. Nikampa kanga yangu aivae, nikawa namkalia karibu, wakachanganya harufu zetu. Tarehe 18 Kalunde alichukua karanga yake. Jana akachukua tena, na akaketi kabisa akamenya!

Mbili tayari. Mwezi utaandama tarehe 19 au 20 Julai, atalishwa mara ya tatu, Amne atashika ufagio, nami nitatoka mbele ya wote, Baba atanipokea kwa mkono, na hakuna atakayedaiwa kitu. Mwambie Padri atangaze kwa sauti kubwa. Nimeanza kushona mikono ya gauni.

Silasi ananitukana sasa. Nenda, barua, nenda!

Mkeo mtarajiwa,
Eustadia


Bukene
2 Julai 1936

Eustadia,

Nilikuwa Tabora kufuata mashoka. Nimerudi leo, nimekuta barua yako. Ile yangu ya tarehe 24 Silasi alikuwa hajaichukua, ilikuwa imelala stesheni. Atakuletea zote mbili pamoja. Anza na ile. Hapana, anza na hii.

Msitu unakatwa Jumatatu. Ni mimi. Utaona katika barua ya kwanza nilivyofanya na nilivyojisifu.

Nimemwendea bwana wetu. Nimemwambia nilidanganya, mna makaburi, mna watemi, mna mtu. Akasema wazee wamenitisha. Nikaapa. Akasema mtu asiyetishwa haapi hivyo. Kila ninavyosema kweli ndivyo anavyozidi kuamini kwamba nimeogopeshwa, na ananihurumia, ameniambia nikalale. Orodha imeshakwenda, watu mia mbili wameshaitwa, unga wao umeshagawiwa.

Mwambieni Amne awalishe sasa. Msingoje mwezi. Waombe wazee, mwombe Yoramu, mwambie nitamwamkia yeyote anayetaka niamkie. Jumamosi, Jumapili, saa yoyote. Kalunde ameshakula kwake mara mbili, kwa nini asile ya tatu?

Ikishindikana nitakuja Jumatatu na tutaondoka kwa treni, liwalo na liwe.

Kwa nini hukuniambia? Hapana, usijibu hilo. Mimi nami sikukuambia.

Dionis


Ikomelo
21 Julai 1936

Dionis,

Barua zako mbili zilifika Jumamosi alasiri. Nilianza na ya pili kama ulivyotaka, sikuielewa, nikasoma ya kwanza, nikaielewa.

Nilimwita Yoramu, nikamsomea zote mbili. Sikukuficha. Alikaa chini kwenye vumbi. Kisha akasema mwezi utatusamehe, Amne alishe kesho asubuhi. Wazee walikubali kuvunja desturi yao kwa ajili yangu, nataka ulijue hilo.

Lakini watu wenu wa kutangulia walikuwa wamefika siku hiyohiyo, wanapaka chokaa miti ya kukatwa, wanakoka moto, wanaimba. Tumbili wote walipanda juu kabisa. Jumapili Amne alisimama uwanjani na karanga mkononi tangu jua kuchomoza. Mkono ulipochoka nilimshika kiwiko nikamwinulia. Tulisimama hivyo mpaka adhuhuri, tukapumzika, tukasimama tena. Alasiri Kalunde alianza kushuka. Alifika nusu ya mti. Alimtazama Amne, akanitazama mimi, akashuka tawi moja zaidi, na mtu mmoja kule pembeni akajaribu shoka lake kwenye gogo. Mara moja tu. Hakushuka tena.

Jumatatu ulikuwepo, nilikuona. Ulisimama kwenye makaburi kama ulivyoahidi, na watu walipita pembeni yake. Uliniita. Sikuja kwa sababu Baba alikuwa amesimama kule kwenye mashamba, na Bertila ameshika shati lake, wanangoja kuona nitakwenda upande gani. Tumbili waliondoka kwa mstari, watoto wameng'ang'ania matumboni, wakaifuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Nzega. Kwenye mashamba walipigwa na marungu. Sikujua yupi ni Kalunde. Amne aliondoka Jumanne na kapu lake. Alinishika mkono wakati wa kuaga, maana sasa hajali tena miiko, na mimi sikutaka kuuachia.

Mtemi amerudi. Jumamosi alikaa baraza hapa, kwenye jua, makaburi ya baba zake yakiwa wazi kama vichwa vilivyonyolewa. Alilia mbele ya watu. Kuhusu wewe hakusema neno, kwa kuwa Yoramu hakukutaja, na mimi sikukutaja. Kuhusu mimi alisema hivi: mtunzaji hutoka kwa kumpata mwingine, mwingine hukubaliwa na tumbili, tumbili hawapo. Basi mtunzaji atakaa mpaka warudi. Nikiondoka, nyumba ya Modest inaondoka siku hiyohiyo. Hakusema kwa ukali. Aliniamkia.

Bwana wenu alipita juzi kutazama visiki. Nilimwuliza msitu huota tena kwa muda gani. Alifikiri vizuri, ni mtu muungwana, akasema, "Miaka thelathini, kama hamtakata."

Ulitaka nitoke, Dionis. Nilikuwa natoka.

Nina hasira nawe na ninakupenda, na vyote viwili ni vya kweli, usichague kimoja ukajifariji nacho. Ningekuambia habari za Amne mapema, ungengoja. Ungeniambia habari za mashoka, ningekuzuia. Tulitaka kufurahishana. Treni usiitaje tena. Jambo moja limebaki kuwa jema, Bertila hataitwa kamwe, wala binti mwingine baada yake. Mimi ni wa mwisho. Hilo hunitosha kwa muda wa kula chakula kimoja, halafu halinitoshi.

Padri ameshatutangaza Jumapili mbili. Nenda umwambie asitutangaze hii ya tatu. Nenda wewe, usimtume mtu.

Halafu nina ombi, la kazi. Nilikuwa naruhusiwa kutembea mpaka miti inapoishia. Wazee wamelifikiria hilo siku nzima, wakasema, kwa kuwa miti imeishia mlangoni, basi mpaka wangu ni mlango. Umebaki mninga mmoja, upande wa kisima, wenye chokaa. Watu wenu wanarudi Alhamisi kumalizia. Una orodha, una kalamu, na bwana wenu anakuhurumia. Mwombe waubakize. Nimemtuma Bertila apime: kutoka mlangoni mpaka shinani ni hatua ishirini na tano. Mti huo ukibaki, nitakuwa na hatua ishirini na tano za kwenda, na ishirini na tano za kurudi.

Eustadia